Punguza Saa za Moto Kwanza

Watu wa mjini wanaposema wanataka maisha mepesi, yasiyoumiza ardhi wala mfuko, mawazo yao huenda mbali: shamba Luwero, nyumba ya udongo, paneli za sola, ng'ombe mmoja zizini. Sina ugomvi na ndoto hizo. Lakini familia inayoishi Kawempe, Bombo, Arua au Busia hapa Uganda haihitaji kuhama ndipo ianze. Kinachokula pesa na miti kila siku kiko pale nje ya mlango, juu ya sigiri, yaani jiko la makaa. Msimamo wangu ni huu: kabla hujanunua kifaa chochote, punguza saa ambazo moto wako unawaka. Mengine, yaani maji, maganda na mboga, yamefungamana na moto huo kuliko tunavyodhani.

Tanuru la kienyeji la kufukia kwa udongo hudai kilo 6 hadi 10 za kuni ili litoe kilo moja ya makaa. Nyingine zote hupotea kwa moshi huko huko porini. Maana yake, kilo moja usiyoichoma Kampala ni mzigo mzima wa kuni uliobaki umesimama kaskazini mwa nchi, yanakochomwa makaa. Na mti wenyewe mara nyingi ni wa shea, ambao huchukua miaka 15 hadi 20 kabla haujazaa, na ambao akina mama wa Lango na Acholi huko kaskazini hukamua mafuta yake kwa chakula na kwa ngozi. Mwezi Mei 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Naiunga mkono amri hiyo kwa moyo wote, ila maadamu mjini gunia linanunuliwa, lori litatafuta njia ya usiku.

Anza kwa kupima. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, upime makaa asubuhi na jioni kwa wiki mbili, ukiandika pia kilichopikwa. Usibadilishe chochote katika wiki hizo. Bila daftari hilo utabaki kukisia, na mtu anayekisia hununua sigiri mpya wakati tatizo lake ni maharage.

Maharage ndiyo mlaji mkubwa wa makaa katika nyumba nyingi za Uganda, kwa kuwa huliwa karibu kila siku na, yakipikwa makavu, hukaa motoni saa mbili hadi tatu. Yachague, yaoshe, uyaloweke jioni kwa maji mara tatu ya ujazo wake, yakae saa 8 hadi 12. Yasizidi hapo sana, maana kwenye joto huanza kuchacha na kutoa povu. Asubuhi mwaga maji yale kwenye mgomba, weka maji mapya yanayozidi maharage kwa vidole viwili tu, kisha funika. Kuloweka peke yake kunaweza kupunguza muda wa moto kwa karibu nusu, na hakugharimu hata shilingi. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri mpaka harage libonyee kwa vidole, kwa sababu uchachu hulikaza ganda na utachoma makaa ya ziada kulilainisha.

Yapo maharage ambayo hata uyaloweke usiku kucha hayalainiki. Hayo yamekaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, na ndani yake yameshabadilika, moto hauyarudishi. Kwa hiyo nunua mara baada ya mavuno, Juni na Julai au Desemba na Januari, na ununue kwa wingi, kisha uyahifadhi kwenye jerikeni kavu iliyofungwa kabisa. Ukiona harage limefifia rangi au limekuwa kahawia kuliko kawaida yake, liache sokoni hata likipunguzwa bei. Na wanaoishi Kabale, kwenye milima ya kusini magharibi, wasijilaumu: maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 96 Kampala na nyuzi 93 kwenye mita 2,000, hivyo maharage yale yale huwachukua muda zaidi.

Sasa jiko kapu, ambalo ndilo silaha kubwa katika kazi hii na bei yake ni karibu bure. Wazo lake ni rahisi: chakula kikishachemka vizuri hakihitaji moto zaidi, kinahitaji joto lisitoroke. Tafuta kapu lililosukwa kwa mafunjo au majani ya migomba, lenye upana unaoacha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka sufuria yako upande wote. Kitako kijaze sentimita 10 za majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, au pumba za mpunga, au vipande vya blanketi kuukuu. Weka sufuria katikati kama kipimo, shindilia pembeni kwa kitu hicho hicho, halafu tandika kitambaa juu yake na ukishone ukingoni ili pumba zisimwagike. Shona mto wa kufunika juu, nao unene wake usipungue sentimita 10. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanajaza pembeni vizuri, kisha wanafunika juu kwa kanga mbili, wakati joto jingi hupandia huko huko juu.

Matumizi yake yana masharti. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwa kuwa chakula kingi hushika joto na kidogo hupoa upesi. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 20 mfululizo, ndipo yaingie kapuni na mfuniko wake ukiwa haujafunguliwa, yakae saa tatu. Usiruke zile dakika za kuchemka. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na maji yanayotokota kwa dakika 10 au zaidi; joto la uvuguvugu haliivunji, na anayekula maharage ya namna hiyo hutapika na kuharisha. Mchele uchemke dakika 5, ukae saa moja kapuni. Mchuzi wa nyama uchemke dakika 20, ukae saa mbili na nusu. Matoke yaliyokwisha kupondwa hukaa humo ya moto mpaka wa mwisho arudi kazini, na hapo umeokoa yale makaa ya kupashia ambayo watu hawayahesabu kabisa. Posho, yaani ugali, haina faida yoyote na kapu, isonge uile.

Usiache chakula humo usiku kucha. Kikishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu huanza kuzaana, na wali ni hatari zaidi kwa sababu sumu ya vijidudu vyake haiondoki hata ukiupasha upya. Chakula kikitoka kapuni kikiwa cha moto kiasi cha kutoa mvuke, kila kitu kiko sawa. Kikiwa vuguvugu baada ya saa mbili tu, tafuta uwazi ulipo, na mara nyingi utaukuta juu.

Sigiri yenyewe inafuata. Ile ya bati tupu ibadilishe kwa yenye kikombe cha udongo ndani, lakini uikague kabla ya kulipa: gonga udongo kwa kucha usikilize kama unalia wazi, maana uliopasuka hutoa sauti iliyozibwa. Hakikisha mlango wa hewa unafungika, na sufuria ikikaa iwe karibu na makaa bila kuyagusa. Siku chache za mwanzo washa moto mdogo tu ili udongo ukauke taratibu. Maji yakimwagika juu ya udongo wa moto hupasua, basi chungu kinachofurika ndicho kinachoua sigiri nyingi. Wakati wa kuwasha, mlango uwe wazi wote. Chakula kikichemka, uufunge mpaka ubaki upenyo wa kidole. Ukiacha wazi, unachemsha kwa fujo maji ambayo hayawezi kupita joto lake la kuchemka, na makaa yanaisha bure.

Ukimaliza kupika, usiache makaa yajimalizie. Yachukue kwa koleo uyatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, uliweke nje juu ya mawe. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho yatashika haraka kuliko mapya. Wanaomwagia maji hupata makaa yanayoruka cheche na kugoma kuwaka. Jambo jingine nalisema kwa mkazo wote, hasa kwa watu wa Kabale na Kisoro kwenye baridi: sigiri yenye makaa mekundu isiingie chumba cha kulala kilichofungwa, hata kwa nusu saa. Hewa yake haina harufu, na huua watu usingizini.

Chini ya gunia la makaa hubaki chenga, na muuzaji aghalabu hukupa kwa bei ndogo kwa sababu zinamjazia kibanda. Hizo ni moto wa bure. Zichekeche uondoe mawe na mchanga. Kwa kilo 10 za chenga chukua nusu kilo ya unga wa muhogo, ukoroge kwa lita moja ya maji baridi, kisha umimine ndani ya lita nne zinazochemka huku unakoroga mpaka uji uwe mzito na unang'aa. Changanya na chenga kidogo kidogo, ukisimamisha uji mara mchanganyiko unaposhikana. Finya donge, liangushe kutoka kiunoni. Likisambaratika, ongeza uji. Likinata mkononi, umezidisha na litatoa moshi. Lianike kivulini siku ya kwanza, kisha juani siku tatu hadi tano huku ukiligeuza. Likianza na jua kali, ganda hukauka kabla ya ndani na donge hupasuka. Wengine hutumia udongo wa kichuguu badala ya muhogo, sehemu moja kwa sehemu 8 za chenga. Unafaa, huwaka polepole na unapendeza kwa maharage, ila majivu ni mengi na ukizidisha utakuwa unapasha udongo. Madonge haya huchelewa kushika moto, basi tanguliza makaa machache ya kawaida chini yake.

Wenye umeme nyumbani wafikirie sufuria ya presha ya umeme. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa huivishwa kwa takriban nusu uniti, na katika bei za umeme nchini ipo ngazi ya kupikia, uniti za 81 hadi 150 kwa mwezi, iliyo nafuu kuliko ngazi inayoitangulia. Jiko la kawaida la umeme lenye koili ya wazi sikushauri kabisa kwa chakula cha saa mbili.

Maji nayo ni habari ya moto

Katika daftari lako la wiki mbili utaona mstari mmoja unaojirudia: maji ya kunywa. Familia nyingi huchemsha kila siku, tena huacha yatokote robo saa. Dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha, dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Hiyo ni akiba ya kwanza. Ya pili ni jua. Chukua chupa ya plastiki angavu isiyo na rangi wala mikwaruzo, isiyozidi lita 2, uondoe karatasi yake. Jaza maji masafi. Ukishindwa kusoma maandishi ya gazeti yaliyowekwa chini ya chupa, maji yana tope na yachujwe kwanza. Ilaze juu ya bati saa 6 za jua. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili. Siku za mvua ya mfululizo njia hii haifanyi kazi, rudi kwenye kuchemsha. Vijidudu huuawa na miale, kwa hiyo tope na chupa ya kijani huvikinga. Kumbuka pia kwamba jua haliondoi kemikali, basi maji ya kisima kilicho karibu na gereji hayasaidiki hivi.

Mvua hukupa maji bila jerikeni ya kulipia. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upande mmoja wa paa la mita 8 kwa 3 ni mita 24 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa Kampala si ya ajabu, huleta karibu lita 380 ukishatoa inayoruka na kukauka, yaani pipa la lita 200 linajaa na karibu jingine zima. Kampala hupata kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo upande huo mmoja hutoa takriban lita 23,000. Karamoja, kaskazini mashariki, mvua ni ndogo zaidi na msimu wake ni mmoja, hesabu ifanywe upya huko.

Sipendi kuona mtu akikopa kwa ajili ya tangi la lita 10,000 mwanzoni. Weka gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, upande mmoja na pipa, uone matumizi yako, ndipo uongeze. Mwambie fundi gata ishuke sentimita moja kwa kila mita. Ikiwa bapa, maji husimama na mbu huzaliana humo. Ikiinama kupita kiasi, mwisho wake huwa chini mno ya ukingo wa bati na mvua kubwa huruka juu yake. Viegemeo visipite nafasi ya mita moja, la sivyo gata hulegea katikati.

Maji ya mwanzo huosha vumbi na mavi ya ndege, hayo yasiingie pipani. Yatengee nusu milimita ya mvua, kwa paa letu ni lita 12. Bomba la plastiki la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, basi mita moja na nusu iliyosimama wima, imezibwa chini kwa kifuniko cha kuzungusha, hujaa kwanza ndipo maji safi yapite kwenda pipani. Kosa la kila siku ni kusahau kufungua kifuniko hicho na kumwaga maji hayo baada ya mvua. Mvua inayofuata itapeleka uchafu wote moja kwa moja ndani. Toboa tundu dogo la msumari kwenye kifuniko, bomba litajimwaga lenyewe polepole.

Pipa lifunikwe kwa wavu wa mbu uliofungwa kwa mpira, na lisipitishe mwanga, la sivyo ukijani utaota. Likae juu ya matofali yaliyojengwa sawasawa, maana lita 200 ni kilo 200 na tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Bomba la kutolea liwe sentimita 50 juu ya ardhi ili jerikeni ya lita 20 isimame chini yake. Maji yanayofurika yapewe njia ya kwenda kwenye migomba, si kwenye msingi wa nyumba.

Maganda

Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala, liliporomoka na kufukia nyumba na watu. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni maganda na mabaki ya mboga, ambayo hayakupaswa kupanda lori hata kidogo. Mwenye mbuzi au ng'ombe jirani atayachukua maganda ya matoke yakiwa mabichi, na hiyo ndiyo njia bora. Yanayobaki yawe mboji: tabaka la maganda, tabaka maradufu la majani makavu, udongo kidogo juu, mpaka rundo lifike mita moja kila upande. Likinuka na kuvuta inzi, maganda mabichi yamezidi na hewa imekosa. Geuza, ongeza makavu. Likikaa kimya bila joto, limekauka au ni dogo. Ukiligeuza kila wiki mbili utapata mboji kwa miezi mitatu hivi.

Familia isiyo na uwanja huitia mboji hiyo guniani na kupanda mboga humo. Simamisha mkebe mrefu usio na kitako katikati ya gunia, ujaze kokoto, zungushia udongo mweusi sehemu tatu na mboji sehemu moja, kisha uvute mkebe juu na urudie hatua hiyo mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Bila hiyo mboga za juu huoza na za chini hufa kwa kiu. Panda sukuma wiki kwenye matundu ya ubavuni, nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu) na dodo, yaani mchicha, juu. Dodo huanza kuchumwa ndani ya wiki 4 hadi 6. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa, ya sabuni hapana. Gunia la plastiki huchakaa juani, libadilishe kabla halijaanza kuchanika na kuacha vipande vyake udongoni. Na usitumie lililobeba mbolea ya chumvichumvi au dawa za shambani.

Biogesi, gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi, nimeiacha mwisho kwa sababu inapendwa na watu wasio na ng'ombe. Mtambo mdogo unataka kilo 20 hadi 30 za kinyesi kila siku na maji kiasi hicho hicho, yaani angalau ng'ombe wawili wa kufungiwa zizini. Kwa mwenye nao ni baraka kubwa. Kwa asiyenao ni shimo la gharama.

Wapangaji, ambao ndio wengi mjini, wapange kununua kufuatana na kinachohamishika. Kapu, chupa, kopo la kuzimia makaa na sigiri huenda nawe popote. Gunia la mboga likijaa udongo ni zito, basi tumia madogo ya kilo 50 ambayo watu wawili hubeba. Kuhusu gata, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kupigilia hata msumari mmoja: pendekeza vifaa viwe vyako na ufundi umhusu yeye, kwa kuwa maji yanayomwagika ukutani yanamharibia nyumba. Gata ifungwe kwa viegemeo vya skrubu, si misumari, na makubaliano yaandikwe kwenye karatasi ile ile ya kodi, yakitaja kwa majina nini kitaondoka siku ya kuhama: gata mita 8, bomba la inchi 4, pipa moja, bomba la kutolea.